Mwuguzi na Mgonjwa wa Kansa: Somo kwa Wanaotembelea Wagonjwa



Mara nyingi mmeniuliza, hasa ninyi akina mama wa Umoja mnaokwenda majumbani kuwatazama wagonjwa, ya kwamba mkifika kwa mtu mwenye kansa mfanye nini na mseme nini. Mmoja wenu aliniambia, "Nesi ana sindano yake, Padre ana mafuta yake matakatifu, sisi tuna nini?" Swali hilo si dogo. Nilifanya kazi ya uuguzi tangu mwaka 1984 mpaka nilipostaafu, na nimeona vema nianze kwa kueleza jinsi kazi ya mwuguzi ilivyo kwa mgonjwa wa namna hii, maana wengi hudhani ni kuchoma sindano na kutandika vitanda tu. Mkiijua kazi yake mtajua na mahali penu. Tena mtajua namna ya kutomzuia. Nimewaona wagonjwa walioteseka bure huku mwuguzi yupo na dawa ipo, kwa sababu watu wa nyumbani walisimama katikati, kwa upendo kabisa, bila kujua wanalolifanya.

Kwanza lifikirini neno lenyewe. Mtu huugua, na yule akaaye naye, akamlisha, akamgeuza, akamwosha, huyo humwuguza. Ndiye mwuguzi. Kabla ya kuwapo hospitali na sare nyeupe, mwuguzi alikuwa binti, au dada, au mama mkwe, akaaye mkekani kando ya kitanda. Sisi tuliosoma chuoni tumelichukua jina hilo kutoka kwao. Kwa hiyo katika nyumba yenye mgonjwa wa kansa wauguzi ni wawili: aliyesomea, ambaye huja na kwenda, na asiyesomea, ambaye hulala hapo hapo. Kazi ya yule wa kwanza ni nusu kwa mgonjwa na nusu kwa huyu wa pili.

MAMA ALIYELALA VIZURI

Nataka kuwasimulia habari ya mwaka 1987. Hospitali sitaitaja, maana kosa lilikuwa letu sote, na langu mimi hasa.

Aliletwa mama mmoja mwenye umri wa miaka kama arobaini. Alikuwa na kansa ya titi. Uvimbe ulikuwa umepasuka zamani, naye aliufunga kwa kipande cha kanga, akajifukiza udi ili watu wasisikie harufu. Alikuwa ameficha kwa muda wa mwaka mzima. Shemeji yake, aliyemleta, alinivuta kando pale ukumbini akasema, "Sista, tafadhali msimwambie. Akijua atakufa kwa hofu." Nikakubali. Daktari naye akakubali. Tukamwambia kuwa ana kidonda kibaya, na kwamba kitapona.

Usiku wa tatu, nilipopita na taa, aliniita. "Mwanangu, mimi nina nini hasa?" Nikamjibu, "Mama, utapona. Lala." Akaniangalia kidogo, kisha akageukia ukutani. Hakuniuliza tena.

Na juu ya maumivu: siku zile dawa kali za maumivu zilikuwa za sindano, zikifungiwa katika kabati lenye kufuli, na desturi yetu ilikuwa kumpa mgonjwa anapolia. Mama huyu hakulia. Alikuwa amefundwa tangu usichana wake kwamba mwanamke halii, hata uzazi umkaze namna gani. Alilala kimya bila kujigeuza, ameuma ncha ya kanga. Nami asubuhi, nikikabidhi zamu, niliandika kwenye karatasi yake: "Mgonjwa amelala vizuri." Niliandika hivyo siku sita mfululizo.

Alikufa siku ya tisa. Miezi michache baadaye binti yake mkubwa alinikuta sokoni akanisalimu kwa adabu, wala hakunilaumu. Akanieleza tu kwamba mama yake alikuwa na dada huko Pangani, na alitaka kuwakabidhi kwake watoto wale wadogo wawili. Lakini alingoja apone aende mwenyewe, kwa kuwa tulimwambia atapona. Watoto wakagawanywa na ukoo kila mmoja kwake, na yule wa mwisho akaacha shule.

Ndugu zangu, wakati ule hatukuwa na dawa ya kuiponya kansa iliyofika mbali kama ile, na mara nyingi hata leo haiponyeki ikifika hapo. Kwa hilo sijihukumu. Lakini maumivu tuliweza kuyaondoa, na swali lake tuliweza kulijibu, na dada yake tuliweza kumwita. Hayo matatu yalikuwa kazi ya mwuguzi, wala hayakuhitaji mashine.

ALIYEANZA KUWA NESI

Yuko mtu mmoja ambaye kila mwuguzi wa kansa hana budi kumjua. Ni Bibi Cicely Saunders wa Uingereza, Mwanglikana mwenzetu, aliyezaliwa mwaka 1918. Wakati wa Vita vya Pili alisomea uuguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London. Mgongo ukamsumbua hata asiweze kuinua wagonjwa, akageuka kuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika hospitali. Huko alikutana na mgonjwa wa kansa, David Tasma, Myahudi kutoka Poland, mhudumu wa hoteli asiye na ndugu mjini. Wawili hao walizungumza mara nyingi juu ya mahali ambapo mtu anayekaribia kufa angetunzwa vema. Tasma alikufa mwaka 1948, akamwachia Saunders pauni 500 ziwe za dirisha katika nyumba hiyo ambayo bado haikuwapo.

Kisha Saunders akaenda jioni jioni kusaidia uuguzi, kwa kujitolea, katika nyumba ya wagonjwa iitwayo St Luke's. Akaona jambo ambalo hospitali kubwa hazikulifanya. Wauguzi wa pale waliwapa wagonjwa mofini kwa saa, kila baada ya saa nne, bila kungoja mtu alie. Nao wagonjwa hawakulia. Walikula, wakaongea, wakacheka na watoto wao. Alipotaka dunia nzima isikie habari hiyo, aliambiwa asome udaktari, maana madaktari hawatamsikiliza nesi. Akasoma, akafuzu mwaka 1957, akiwa karibu na miaka arobaini. Mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's kusini mwa London, na dirisha la Tasma limo humo. Mwaka 2005 alifia humo humo alimowahudumia wengine, naye kwa kansa.

Naipenda habari hii kwa sababu moja, na mtanisamehe majivuno yangu: elimu ile ambayo madaktari wa leo wanaifundisha vyuoni ilitoka mikononi mwa wauguzi wa zamu ya usiku.

Saunders ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa kansa si ya mwili tu. Aliyaita maumivu kamili. Yumo mwili wake, imo hofu yake, imo nyumba yake na madeni yake, imo na roho yake inayouliza kwa nini. Kila mwuguzi aliyekaa kazini ameliona jambo hili. Nilikuwa na mzee mmoja, fundi seremala, mwenye kansa ya tezi iliyoingia mifupani. Kila mwisho wa mwezi maumivu yake yalizidi, na kila tulipoongeza dawa hatukupata nafuu ya maana. Nilipokaa naye nikamwuliza habari za nyumbani, ndipo nikajua kwamba mwisho wa mwezi ndipo mwenye nyumba hufika kudai kodi. Mtaa ukachanga kodi ya miezi mitatu, na mzee akalala.

KUULIZA, NA KUAMINI

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwuguzi akifika, jambo la kwanza ni kuuliza juu ya maumivu. La pili ni kuamini analojibiwa. La pili ni gumu kuliko la kwanza. Maumivu hayapimwi kwa kipimo kama homa. Yuko ayapigiaye kelele, na yuko ayanyamaziaye. Mgonjwa akisema yanauma, yanauma kadiri asemavyo, wala si kazi ya mwuguzi, au ya mama mkwe, au ya mzee wa kanisa, kusema kwamba anadeka.

Tunayo njia rahisi inayotumika hospitali nyingi za Afrika, ambayo hata asiyejua kusoma huielewa. Mgonjwa huambiwa aonyeshe kwa vidole vya mkono mmoja. Ngumi iliyofungwa ni kwamba hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo. Vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika kabisa. Mwuguzi huandika vidole vingapi asubuhi na vingapi usiku, na kesho yake huuliza tena. Binti wa nyumbani naye aweza kuuliza hivyo na kuandika katika daftari la shule. Mwuguzi akija anakuta habari ya juma zima. Na kuna swali jingine ambalo mimi sikulijua mwaka 1987, nalo ni hili: "Jana usiku ulipata usingizi, au ulilala macho?"

DAWA YA MAJI

Mnaitazama kwa hofu ile chupa ya mofini. Nimeikuta imefichwa chini ya gunia la mahindi, imejaa, na mgonjwa chumbani anaonyesha vidole vitano. Kwa hiyo nitakaa kidogo hapa.

Mofini hii si sindano. Ni unga wa dawa uliokorogwa na maji katika hospitali, hunywewa kwa kijiko au kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 1986 wa kupanda ngazi: kwanza dawa nyepesi kama panado, kisha za kati, kisha mofini. Barani Afrika hospisi ya kwanza ilianzishwa nchini Zimbabwe mwaka 1979, na ya Nairobi ikaanzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari wa Kiingereza, Bibi Anne Merriman, akaanzisha hospisi mjini Kampala, akaonyesha kwamba dawa hii ya maji yaweza kutengenezwa kwa bei ndogo na kutumiwa kijijini. Waliitia rangi ili asiyesoma asikosee: ya kijani ndiyo dhaifu, nyekundu ina nguvu zaidi, na ya buluu ndiyo kali kuliko zote. Mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuwaruhusu wauguzi waliosomeshwa kazi hii kuiandika mofini wao wenyewe, kwa kuwa madaktari hawakutosha, na wauguzi ndio waliokuwa wakifika vijijini.

Hapa kwetu hospisi ya Muheza, katika hospitali yetu ya Kianglikana ya Mt. Augustino, ile iitwayo Teule, ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wauguzi wake wakiwafuata wagonjwa nyumbani kwao, hata kule ambako gari huishia njiani na mtu humalizia kwa miguu.

Dawa hii hutolewa kwa saa, si kwa kilio. Mpango wa kawaida ni huu: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Kipimo cha saa 4 usiku mara nyingi mwuguzi hukifanya maradufu, ili mgonjwa na anayemwuguza walale wote mpaka asubuhi. Maumivu yakiruka katikati, mwuguzi atakuwa amewaeleza kipimo cha kuongeza. Msisubiri maumivu yarudi ndipo mtoe. Ni kama moto wa kuni: huchochewa kabla haujazimika, maana ukizimika kuuwasha tena ni kazi.

Je, atakuwa mlevi wa dawa? Hapana. Apewaye mofini kwa maumivu ya kansa, kwa kipimo alichopangiwa, si sawa na kijana atafutaye kileo. Nimewaona watu ambao baada ya kupigwa mionzi maumivu yao yalipungua, nao wakapunguziwa mofini kidogo kidogo mpaka wakaiacha. Msiikatishe tu ghafula. Je, itamwua upesi? Ikitolewa ipasavyo, haimharakishi. Wengine hula tena na kutembea tena, kwa sababu maumivu ndiyo yaliyokuwa yakiwamaliza. Je, maana yake ni kwamba amefika mwisho? Wako walioitumia miaka. Hupewa kwa ukubwa wa maumivu, si kwa ukaribu wa kaburi.

Siku mbili tatu za kwanza atasinzia. Pengine ni usingizi aliokuwa akiudai. Pengine atasikia kichefuchefu, nacho hupita. Lakini kufunga choo hakupiti, na kila mtu anayekunywa mofini hana budi kupewa na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, tena anywe maji, ale na papai bivu. Nimeona watu wakiitupa mofini kwa sababu ya choo tu. Kama usingizi ni mzito hata hamwezi kumwamsha, mwiteni mwuguzi mara moja. Wala msimpe mtu mwingine dawa hiyo hata kwa tone, na chupa ikae mahali pasipofikiwa na watoto wala jua.

HARUFU

Neno hili watu hawapendi kulisema kanisani, lakini lisemwe. Kansa iliyopasuka hunuka. Kwa ajili ya harufu, majirani huacha kuingia, mume huhamia chumba kingine, na mgonjwa mwenyewe huanza kuomba aachwe. Nimemjua mama aliyekataa Padre asimletee Sakramenti kwa aibu ya harufu yake.

Mwuguzi ataonyesha namna ya kukiosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yametiwa chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Kitambaa kilichogandamana kisibanduliwe kikiwa kikavu; kiloweshwe kwanza kwa maji hayo hayo. Kisha hunyunyiza unga wa vidonge vya metronidazo vilivyopondwa, ambavyo huua vijidudu vinavyoleta harufu, na kwa wengi baada ya siku chache chumba hubadilika kabisa. Kidonda kifunikwe kwa vipande vya kanga kuukuu vilivyofuliwa, vikachemshwa, vikaanikwa juani na kupigwa pasi. Hapo akina mama wa Umoja mna kazi halisi. Kanga kuukuu zipo katika kila sanduku. Zikatwe, zifuliwe, zipigwe pasi, zifungwe katika mfuko safi, zipelekwe kila juma.

Nakumbusheni pia kwamba kansa haiambukizi kwa kushikana mkono, wala kwa kikombe, wala kwa kulala kitanda kimoja. Kaeni karibu. Mgonjwa huhesabu hatua kati ya kiti chako na kitanda chake.

ALIYE KATIKA MATIBABU

Wengine bado wamo katika matibabu ya kuponya. Taasisi ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, katika jengo lile la zamani la Wajerumani linalotazama bahari, imekuwa ya kansa kwa sheria ya Bunge tangu mwaka 1996. Bugando pale Mwanza na KCMC pale Moshi nako hutibu. Anayepigwa mionzi huchorwa alama za wino mwilini: asizisugue, wala asipake mafuta mahali hapo bila kuuliza. Aliyekatwa titi asibebe ndoo kwa mkono wa upande ule, maana waweza kuvimba.

Lakini liko jambo moja ambalo nawasihi mlishike hata kama mtasahau mengine. Mtu anayetiwa dawa za kansa kwa dripu, nguvu za damu yake za kupigana na vijidudu hushuka katika majuma yanayofuata. Akipata homa ya digrii 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, hiyo si ya kungoja asubuhi. Sisi watu wa pwani homa kwetu ni malaria. Tunanunua dawa dukani, tunamfunika blanketi, tunasema tutaona kesho. Kwa mgonjwa huyu kesho yaweza kuwa imechelewa. Apelekwe hospitali usiku huo huo, na atakayempokea aambiwe neno la kwanza, "Huyu anatiwa dawa za kansa." Mwaka mmoja nilimpoteza kijana kwa jambo hili, na kansa yake ilikuwa ya kupona.

KUMWAMBIA

Narudi kwa yule shemeji wa mwaka 1987. Sikumchukia, na hata leo simchukii. Ndivyo tulivyolelewa, habari mbaya huzungushwa kwanza kwa wakubwa. Waswahili husema mficha maradhi kilio humwumbua; lakini kwetu mara nyingi si mgonjwa afichaye, bali wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Mwuguzi aliyefundishwa vema hamrushii mtu habari kama jiwe. Anakaa. Anauliza kwanza, "Mama, wewe mwenyewe unaionaje hali yako?" Ni ajabu jinsi wengi wanavyojua tayari. Kisha anauliza, "Je, ungependa nikueleze zaidi, au nizungumze na mtu wako?" Yuko asemaye, zungumza na kaka yangu, naye aheshimiwe. Yuko asemaye, nieleze mimi. Huyo aelezwe kwa maneno ya kawaida, kidogo kidogo, mwuguzi akinyamaza kila anapohitaji kunyamaza, wala asikimbilie mlangoni machozi yanapoanza. Na mgonjwa akiuliza, asidanganywe. Kusema sijui ninakufa lini ni kweli. Kusema utapona, wakati hujui, ni kumfungia mtu mlango akiwa ndani.

Kwa watu wa nyumbani mwuguzi husema hivi: "Najua mnampenda. Lakini yeye ndiye mwenye watoto, na shamba, na deni, na pengine mtu wa kupatana naye. Mkimficha, hayo yote atayaacha wazi." Nimeyasema maneno hayo mara nyingi tangu 1987, katika nyumba nyingi, na si kila nyumba iliyonisikia.

Hapa nawasihi pia wanaoomba na wagonjwa. Ombeni, tena kwa nguvu. Lakini asiwepo mtu wa kumwambia mgonjwa kwamba imani yake ni ndogo ndiyo maana haponi, au kwamba amwage dawa ili kuonyesha imani. Nimemwuguza mtu aliyeambiwa hivyo. Juu ya kansa akaongezewa hatia, na hatia haina mofini.

YULE WA MKEKANI

Mwisho nataka mmtazame yule mwuguzi wa pili. Mara nyingi ni msichana. Ameacha shule au biashara yake ya vitumbua, ameamka mara nne usiku, amefua mashuka ya damu, na wageni wakija humpita wakaenda chumbani kwa mgonjwa, kisha humwambia alete chai. Mkienda, mmoja wenu aketi naye jikoni. Mmoja ashike zamu ya usiku kila juma ili alale. Mleteeni sabuni kabla ya kuleta sukari. Na mgonjwa akiisha kufa, msiache kufika nyumbani siku ya arobaini ikipita. Mwuguzi wa hospisi hurudi kumtazama baada ya mazishi, maana aliyeuguza kwa mwaka mzima huamka saa nane usiku kutoa dawa, na kitanda ki tupu.

Nisije nikasahau: kansa inayowaua wanawake wengi kuliko zote hapa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, nayo yaweza kukamatwa mapema. Mwuguzi katika kituo cha afya hupaka siki, akatazama kama kuna weupe, nayo ni kazi ya dakika chache. Wasichana nao huchanjwa. Chanjo ilianza nchini mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa mara moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Wazazi wawaache binti zao wachanjwe, na kina mama waende wapimwe kabla ya kuona dalili. Yule mama wa mwaka 1987 alificha mwaka mmoja kwa aibu, wala hakuwa mjinga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika mtaa wetu, ni nani sasa anaugua kansa nyumbani, na ni nani anayemwuguza usiku? Jina la yule wa pili tunalijua?

2. Kama ungekuwa wewe mgonjwa, ungetaka kuambiwa? Kila mmoja ajibu kwa nafsi yake, kisha aseme kama mume au mke wake anajua jibu hilo.

3. Zamu ya kanga za vidonda ianze Jumamosi ijayo baada ya usafi wa kanisa. Nani ana pasi ya mkaa?